Kuotesha Dhahabu ya Nano Kwenye Elektrodi ya Kihisi cha Aflatoksini: Mwongozo Kamili

Malalamiko yanayorudi kutoka kwa wanafunzi wa maabara ni ya aina mbili. Wa kwanza husema: "Nimeotesha dhahabu ya nano, elektrodi imegeuka kahawia kama inavyotakiwa, lakini kilele cha ferosianidi hakijapanda." (Kilele ni sehemu ya juu kabisa ya mkondo kwenye grafu ya kipimo; ferosianidi ni chumvi ya chuma inayotumika kujaribia elektrodi.) Wa pili husema kilele kimepanda vizuri sana, ila alipoweka sampuli ya mahindi, kihisi chenye dhahabu nyingi kilishindwa na kile laini.

Wa kwanza ametumia kipimo kisichoweza kuona alichokiotesha. Wa pili ameotesha kupita mahitaji. Mwongozo huu unawashughulikia wote wawili, tangu kusugua diski ya dhahabu hadi kupima dondoo la mahindi.

Kazi tutakayoifuata ni kihisi cha aflatoksini B1 kinachotumia aptama, yaani uzi mfupi wa DNA unaoikamata sumu hiyo. Nimeichagua kwa sababu namba ya kufikia ipo: kiwango cha Afrika Mashariki kwa mahindi kinaruhusu mikrogramu 5 za B1 kwa kilo, na mikrogramu 10 kwa aflatoksini zote kwa pamoja. Ukishakuwa na namba, unaweza kupiga hesabu kabla ya kushika pipeti, na hapa hesabu ndiyo inayookoa dhahabu.

## Andaa hivi kwanza

- Elektrodi za diski ya dhahabu, kipenyo milimita 2, zisizopungua nne. Tatu za kuotesha, moja ibaki laini ya kulinganishia.
- Elektrodi rejea (ya kupimia volti dhidi yake) ya Ag/AgCl yenye chumba cha pili cha chumvi isiyo na kloridi, na waya wa platini kama elektrodi saidizi.
- Potenshiostati, yaani mashine inayoshikilia volti na kupima mkondo, inayofanya voltametria (kupima mkondo volti ikibadilishwa) ya mzunguko na ya mawimbi mraba, na inayoweza kujisimamisha chaji ikifika kiasi ulichoweka. Kama umeme kwenu hukatika, tumia ile ndogo inayopata umeme kwa USB kutoka kompyuta mpakato yenye betri iliyojaa. Umeme ukikatika katikati ya kuotesha, elektrodi hiyo haina thamani tena.
- Unga wa alumina wa mikromita 1, 0.3 na 0.05, pamoja na vitambaa vitatu vya kusugulia. Kila unga na kitambaa chake.
- Maji safi ya megaohm 18.2. Maji ya betri yanayouzwa madukani hayafai; yanaweza kuwa na kloridi ya kutosha kuharibu kila kitu kuanzia Hatua ya 2.
- Asidi ya salfuriki 0.5 M na hidroksidi ya sodiamu 0.5 M (M ni mola, yaani moli kwa lita; mM ni sehemu yake ya elfu).
- Asidi ya kloroauriki yenye maji matatu (HAuCl₄·3H₂O).
- Aptama ya aflatoksini B1, iliyoagizwa ikiwa na thioli (kikundi cha salfa kinachoshika dhahabu) upande mmoja na methilini buluu (rangi inayopokea na kutoa elektroni, ndiyo tutakayopima mkondo wake) upande wa pili.
- TCEP ya kufungua vifungo vya salfa, na 6-merkapto-1-heksanoli, ambayo hapa nitaiita MCH.
- Bufa (mmumunyo unaotuliza pH) ya kufungia sumu kwenye aptama: Tris mM 10 ya pH 7.5, NaCl mM 120, KCl mM 5, CaCl₂ mM 20. Usiache kalsiamu, aptama hii huihitaji ili ijikunje vizuri.
- Ferosianidi na ferisianidi ya potasiamu, mM 5 kila moja, ndani ya KCl 0.1 M.
- Gesi ya naitrojeni, mashine ya kusafishia kwa mawimbi ya sauti, kikorogeo cha sumaku.
- Aflatoksini B1 iliyonunuliwa ikiwa mmumunyo. Usinunue unga.
- Glavu, miwani, koti la maabara na kabati la kufyonza hewa.

Onyo la mapema. Aflatoksini B1 inathibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Unga wake mkavu hurushwa na umemetuamo na kuishia puani, ndiyo maana tunanunua mmumunyo. Vyombo vilivyoigusa huloweshwa kwenye jik kabla ya kuoshwa. Lakini jik isikutane na asidi ya salfuriki hata tone moja, hutoa gesi ya klorini. Ndoo mbili za taka, zenye majina makubwa, ziwe mezani tangu asubuhi.

## Hatua ya 1: Sugua diski mpaka ikuone uso

Weka alumina ya mikromita 1 na maji kidogo kwenye kitambaa, simamisha elektrodi wima, kisha uizungushe kwa umbo la namba nane kwa dakika mbili au tatu. Suuza. Rudia kwa 0.3, kisha 0.05. Baada ya kila unga, tumbukiza ncha kwenye ethanoli ndani ya mashine ya mawimbi kwa dakika tano, halafu kwenye maji kwa dakika tano.

Umbo la namba nane lina sababu. Ukisugua upande mmoja tu, diski huinama na kuacha ukingo kati ya dhahabu na plastiki, na mmumunyo hujificha humo. Mmumunyo uliojificha huleta mkondo wa ziada usioelezeka.

Usiruke mawimbi ya sauti. Punje za alumina zinazobaki hukaa mahali ambapo dhahabu mpya ingeota.

Umefanikiwa ukiona: diski inaakisi taa ya dari bila ukungu, na tone la maji linateleza bila kuacha madoa.

## Hatua ya 2: Safisha kwa umeme

Kama elektrodi imewahi kubeba thioli, ianzishe kwenye NaOH 0.5 M: pitisha kati ya −0.4 na −1.35 V kwa mizunguko mingi hadi mistari ilaliane. Thioli za zamani hung'oka kwenye volti hizo za chini. Elektrodi mpya inaweza kuruka sehemu hii.

Kisha hamia kwenye H₂SO₄ 0.5 M iliyopitishiwa naitrojeni. Voltametria ya mzunguko kati ya 0 na 1.5 V dhidi ya Ag/AgCl, kasi ya milivolti 100 kwa sekunde, mizunguko 20 hadi 30.

Kinachotokea ni hiki: ukipanda, uso wa dhahabu unajifunika tabaka jembamba la oksidi kuanzia karibu 1.1 V. Ukishuka, oksidi hiyo inaondoka kwa kilele kimoja kikali karibu na 0.9 V. Uchafu hauvumilii safari hiyo ya kwenda na kurudi.

Onyo. Ag/AgCl ya kawaida huvujisha kloridi. Kloridi na volti ya juu kwa pamoja huyeyusha dhahabu, na dhahabu ya nano ndiyo huanza kuondoka. Ndiyo sababu nimetaka chumba cha pili. Ukiona mkondo wa ajabu unaopanda mapema wakati wa kwenda juu, na kila mzunguko una umbo lake, badilisha asidi na ukague elektrodi rejea kabla ya kulaumu kingine.

Umefanikiwa ukiona: mizunguko mitatu ya mwisho inalaliana kama mstari mmoja, na kilele cha kushuka ni kimoja, chembamba, kisicho na bega.

## Hatua ya 3: Pima eneo halisi kabla ya kuotesha

Hapa ndipo wengi hupita haraka, halafu mwishoni wanakosa cha kulinganishia.

Chukua kilele cha kushuka cha mzunguko wa mwisho, chora mstari wa msingi chini yake, na uiambie programu ikupe eneo. Programu nyingi hutoa jibu kwa ampea mara volti. Gawanya kwa kasi ya volti (0.1 V kwa sekunde) upate chaji. Kisha gawanya chaji kwa mikrokulombi 390 kwa sentimita mraba, ambayo ndiyo chaji inayotumika sana kwa tabaka moja la oksidi juu ya dhahabu.

Mfano wa hesabu: eneo la kilele ni mikroampea-volti 2.0. Gawanya kwa 0.1, unapata mikrokulombi 20. Gawanya kwa 390, unapata sentimita mraba 0.051.

Diski ya milimita 2, kwa rula, ina sentimita mraba 0.0314. Gawanya 0.051 kwa 0.0314: ni 1.6. Namba hii nitaiita *kizidisho cha eneo*. Diski iliyosuguliwa vizuri huwa kati ya 1.2 na 2. Ikizidi 2, rudi Hatua ya 1, kuna mikwaruzo.

Kikomo cha juu cha volti kibaki 1.5 V katika kila kipimo. Ukipanda hadi 1.6 leo na 1.4 kesho, kiasi cha oksidi kinabadilika na namba zako hazisemi lugha moja.

## Hatua ya 4: Otesha dhahabu

### Mmumunyo

Asidi ya kloroauriki hunyonya unyevu wa hewa na hula chuma. Ukiipima kwa kijiko cha chuma unapoteza dhahabu na kijiko pia. Njia nzuri ni kuyeyusha chupa nzima mara moja: gramu 1 ndani ya mililita 25.4 za maji inatoa akiba ya mM 100. Itunze kwenye chupa ya kahawia, gizani. Ikigusa ngozi huacha doa la zambarau linalokaa siku kadhaa.

Kwa kazi, changanya mililita 1 ya akiba na mililita 4 za asidi ya salfuriki iliyopimwa ili mwishoni upate HAuCl₄ mM 20 ndani ya H₂SO₄ 0.5 M. Mililita 5 hizi zina mikromoli 100 za dhahabu. Kuotesha kwa milikulombi 10 kunatumia mikromoli 0.035 tu. Basi usimwage baada ya matumizi. Mmumunyo huo huo utakutumikia muda mrefu ukifunikwa.

### Simamia chaji, acha saa

Weka volti 0.0 dhidi ya Ag/AgCl, bila kukoroga, na uiagize potenshiostati isimame chaji ikifika kiasi ulichochagua. Makala nyingi huandika "sekunde 60" au "sekunde 120". Sekunde hazihamishiki: meza ikitikisika, joto la chumba likipanda au mmumunyo ukiwa umechakaa kidogo, sekunde zile zile huleta dhahabu tofauti. Chaji huhesabu atomi. Kila atomi ya dhahabu hula elektroni tatu, hivyo milikulombi 1 huleta takriban mikrogramu 0.68, ambayo ikitandazwa sawasawa juu ya diski yetu ingekuwa tabaka la nanomita 11 hivi.

Haitandazwi sawasawa, na hilo ndilo tunalolitaka. Kwenye 0.0 V dhahabu hufika usoni polepole kuliko uso unavyoweza kuipokea, kwa hiyo ncha zilizotangulia hupata zaidi na kuendelea kurefuka. Ukiweka volti ya juu, tuseme 0.6 V, ukuaji hutulia na unapata uso wa mviringo, karibu laini. Ukishuka chini ya −0.3 V, hidrojeni huanza kutoka pamoja na dhahabu, na viputo vyake huacha unga mweusi unaobanduka ukisuuza.

Kwa mara ya kwanza otesha elektrodi tatu: milikulombi 2, 5 na 10. Tarajia sekunde chache kwa ya kwanza na dakika kadhaa kwa ya mwisho. Toa, suuza kwa mtiririko mwepesi wa maji, usiguse kwa tishu.

Umefanikiwa ukiona: manjano ya kung'aa imegeuka kahawia isiyong'aa, sawa kutoka katikati hadi ukingoni. Ikibaki manjano, volti yako haikuwa ile uliyodhani; kagua elektrodi rejea. Ikiwa nyeusi na inachafua maji ya kusuuzia, futa yote na urudi Hatua ya 1.

### Wenye vipande vya kaboni vilivyochapwa

Mambo mawili. La kwanza, usiweke tone la kloroauriki juu ya kipande chote. Fedha ya elektrodi rejea iliyochapwa itaisalimisha elektroni zake kwa dhahabu bila kuombwa, na utapata rejea iliyopakwa dhahabu isiyojua volti yake. Funika fedha kwa utepe na utumie elektrodi rejea ya nje. La pili, kaboni itakayobaki wazi kati ya punje za dhahabu haifunikwi na MCH, na methilini buluu hupenda kung'ang'ania hapo. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unaanzia kwenye dhahabu juu ya dhahabu.

## Hatua ya 5: Pima tena, na uachane na ferosianidi kwa kazi hii

Rudi kwenye asidi ya salfuriki, 0 hadi 1.5 V, kasi ile ile. Safari hii mizunguko mitatu hadi mitano tu. Kila oksidi inapojengeka na kuvunjika, atomi za dhahabu husogea, na ncha ulizoziotesha huanza kujikusanya na kulainika.

Mfano: eneo la kilele sasa ni mikroampea-volti 12. Ni mikrokulombi 120, sawa na sentimita mraba 0.308. Kizidisho ni 9.8.

Sasa ichovye elektrodi hiyo hiyo kwenye ferosianidi, milivolti 50 kwa sekunde. Diski ya milimita 2 hutoa kilele cha karibu mikroampea 26 ikiwa laini. Ikiwa na kizidisho 9.8, itatoa… karibu mikroampea 26.

Hapo ndipo yule mwanafunzi wa kwanza alipokata tamaa. Ferosianidi hufika kwenye elektrodi kwa kusambaa, na kwa kasi hiyo tabaka la kusambaa lina unene wa takriban mikromita 30. Ncha zako hazifiki hata mikromita moja. Maji yakijaa ufukweni, mwamba wenye mashimo na mwamba laini huonekana usawa mmoja. Tabaka hilo ndilo maji yaliyojaa. Kwa hiyo mlinganyo wa Randles na Ševčík, unaokokotoa eneo kutoka kimo cha kilele, hukurudishia eneo la rula, na makala inayotangaza "eneo limeongezeka kwa asilimia 40" kwa njia hiyo, kwenye dhahabu juu ya dhahabu, kwa kawaida imepima usafi wa elektrodi ya mwanzo.

Ferosianidi ina kazi nyingine nzuri. Umbali kati ya vilele viwili ukiwa milivolti 60 hadi 80, uso ni safi na miunganisho ni mizima. Ukizidi 100, kuna uchafu au waya umelegea. Ipime kwa hilo, iishie hapo.

Methilini buluu iliyofungwa usoni haiendi mbali kama ferosianidi. Ipo pale pale kwenye kila ncha, kwa hiyo mkondo wake hufuata eneo halisi. Ndiyo maana kuotesha kunaleta faida.

Umefanikiwa ukiona: kizidisho kinapanda kwa mpangilio kutoka milikulombi 2 hadi 10, na elektrodi mbili zilizooteshwa kwa chaji moja zinatofautiana kwa chini ya asilimia 10 hivi. Zikitofautiana zaidi, usiendelee. Tofauti hiyo haitapungua mbele ya safari.

## Hatua ya 6: Panda aptama za kutosha

Changanya mikrolita 1 ya aptama (mikromola 100) na mikrolita 2 za TCEP mM 10. Acha gizani saa moja kwenye joto la chumba. TCEP hufungua vifungo vya salfa kwa salfa ili thioli iwe huru kushika dhahabu. Ongeza bufa hadi mikrolita 200. Sasa una nanomola 500.

Suuza elektrodi iliyotoka kwenye asidi na uitumbukize mara moja. Dhahabu safi ikikaa hewani hunasa mafuta yasiyoonekana, na dhahabu ya nano ina sehemu nyingi zaidi za kunasia. Chakula cha mchana kisubiri. Acha saa moja ndani ya kifuko cha plastiki chenye unyevu.

Kuhusu kiasi, piga hesabu. Msongamano mzuri wa aptama ni kama molekuli trilioni 3 kwa sentimita mraba. Kwenye diski laini (0.051) hizo ni pikomoli 0.25. Kwenye iliyooteshwa (0.308) ni pikomoli 1.5. Mwenye mazoea ya kudondosha mikrolita 10 za nanomola 100 amedondosha pikomoli 1. Inatosha diski laini na kubaki. Kwa diski ya nano, hata zote zikishika, theluthi ya uso ingebaki bila aptama, na kwa kweli hazishiki zote. Halafu anaandika kwamba nano haisaidii.

## Hatua ya 7: Ziba mapengo kwa MCH

Suuza kwa bufa, hamishia kwenye MCH mM 5, acha usiku mzima gizani kwenye joto la chumba.

MCH hufanya kazi mbili: huziba dhahabu iliyobaki wazi, na huzisimamisha aptama zilizolala. Saa moja inatosha diski laini. Kwenye dhahabu yenye mabonde madogo naona usiku mzima unatofautisha kihisi tulivu na kihisi kinachoteremka kila dakika.

Onyo. MCH inanuka vibaya na harufu haitoki. Ifungue ndani ya kabati la hewa tu.

Asubuhi suuza, weka kwenye bufa ya kufungia, na uendeshe mawimbi mraba kati ya −0.1 na −0.5 V mara kwa mara mpaka kilele kitulie. Kamwe usiende chini zaidi ya hapo wala kupanda juu kuliko 0.3 V, MCH itaanza kung'oka.

## Hatua ya 8: Hesabu aptama zilizoshika

Endesha voltametria ya mzunguko polepole ndani ya bufa iliyopitishiwa naitrojeni. Tafuta chaji chini ya kilele cha methilini buluu, karibu na −0.25 hadi −0.3 V. Gawanya kwa elektroni 2, kwa 96,485, na kwa eneo *halisi* la Hatua ya 5.

Kwa mfano wetu, pikomoli 1.5 zinapaswa kutoa chaji ya karibu mikrokulombi 0.3. Ukipata 0.05, aptama zilikuwa chache au TCEP imechakaa. TCEP iliyokaa wiki nyingi ndani ya bufa ya fosfati haifai; tengeneza mpya.

Ukigawanya kwa eneo la rula badala ya eneo halisi, utapata msongamano mkubwa usiowezekana, na mkaguzi yeyote makini ataigundua kasoro ya makala yako hapo.

## Hatua ya 9: Tafuta masafa upya

Usichukue masafa ya mawimbi mraba yaliyofaa diski laini. Eneo likikua, chaji ya kujaza tabaka la uso nayo hukua, na huhitaji muda mrefu kidogo kutulia. Pima kwa herzi 10, 30, 100 na 300, bila sumu na kisha ukiwa na sumu nyingi. Chagua masafa yenye mabadiliko makubwa ya asilimia. Kilele kirefu kuliko vyote si lazima kiwe ndicho chenye mabadiliko makubwa.

Mkondo unaweza kupanda au kushuka sumu ikishika, kutegemea methilini buluu ilifungwa wapi. Lijue la kihisi chako hapa, kabla ya mahindi.

## Hatua ya 10: Mahindi, na hesabu inayopunguza dhahabu

Saga mahindi, chukua gramu 5, tikisa na mililita 25 za methanoli ya asilimia 70, chuja. Punguza mara kumi kwa bufa ya kufungia. Methanoli inabaki asilimia 7, kiasi ambacho aptama inakivumilia. Mstari wa kulinganishia utengeneze kwa dondoo la mahindi salama lililoongezwa sumu kwa vipimo. Ukiutengeneza kwa bufa tupu, protini na mafuta ya mahindi vitakudanganya.

Sasa chukua mahindi yaliyo kwenye kikomo, mikrogramu 5 kwa kilo. Gramu 5 zina nanogramu 25. Ndani ya mililita 25 ni nanogramu 1 kwa mililita, yaani nanomola 3.2. Baada ya kupunguza, nanomola 0.32.

Ukidondosha mikrolita 50 juu ya kihisi, umeweka femtomoli 16 za sumu. Aptama zako ni femtomoli 1,500. Kila molekuli ya sumu inagawaniwa na aptama karibu mia, kwa hiyo hata zote zikikamatwa, asilimia 1 tu ya methilini buluu itabadilika. Asilimia 1 inapotea ndani ya mteremko wa kawaida wa kihisi. Diski laini yenye femtomoli 250, kwa tone lile lile, ingebadilika zaidi ya asilimia 6.

Huyo ndiye mwanafunzi wa pili. Dhahabu yake ilikuwa nzuri. Tone lake lilikuwa dogo.

Dawa ni mbili, zitumie zote. Pima ndani ya bika yenye mililita 5 za dondoo lililopunguzwa, kikorogeo kikizunguka taratibu, dakika 30 au zaidi. Hapo sumu iliyopo ni femtomoli 1,600. Na shusha kizidisho. Kwa kazi hii mimi husimama kati ya 3 na 6: kilele kinatosha kupanda juu ya kelele ya umeme wa chumba, na aptama hazizidi sumu kupita kiasi. Kizidisho cha 10 na kuendelea hupendeza kwenye picha za hadubini ya elektroni, na hufaa pale shabaha inapokuwa nyingi, kama glukosi.

Simamisha kikorogeo kabla ya kila usomaji, kisha kiwashe tena.

Umefanikiwa ukiona: dondoo salama halibadilishi kilele zaidi ya kihisi kinavyobadilika chenyewe ndani ya bufa, dondoo la kikomo linabadilisha kwa kiasi kinachojitenga wazi, na elektrodi tatu zinakubaliana. Aptama yenye herufi za DNA zilizochanganywa ovyo, ikipandwa kwenye elektrodi nyingine iliyooteshwa, isibadilike kitu.

## Kikigoma

Mstari wa msingi umeinama kuelekea volti hasi. Ni oksijeni, au MCH haijaziba. Pitisha naitrojeni dakika 15. Ukibaki umeinama, rudia Hatua ya 7.

Kilele kinapungua kila usomaji bila sumu. Dhahabu haijashika vizuri au volti zimepita mipaka. Sugua ncha kidogo kwa kidole chenye glavu: glavu ikipata rangi ya kahawia, ni dhahabu.

Kelele ya herzi 50 imejaa kwenye mkondo. Ondoa chaja ya kompyuta, toa simu mezani, weka seli ndani ya boksi la bati lililounganishwa na waya wa ardhi. Bati la biskuti linafaa.

Kizidisho ni kizuri lakini ferosianidi ina vilele vilivyoachana. Uso umechafuka baada ya asidi. Mzunguko mmoja au miwili ya asidi inatosha, usifanye ishirini.

## Baada ya kazi

Elektrodi iliyotumika haihifadhiwi ikiwa kavu. Ndani ya bufa, kwenye friji, hukaa siku chache. Ipime na dondoo salama kabla ya kuiamini tena. Ikichoka, ing'oe thioli kwa NaOH kama Hatua ya 2, kisha futa dhahabu iliyooteshwa kwa alumina na uanze upya.

Vitambaa vya kusugulia na maji ya kwanza ya kusuuzia vina dhahabu. Vikusanye kwenye chombo kimoja. Maabara yenye kazi nyingi itapata cha kumpa mtu anayesafisha dhahabu. Mabaki ya mahindi na methanoli yakae kwenye jik usiku mzima, kabati la hewa likiwa linafanya kazi, mbali na ndoo ya asidi.